Kibofu Kipya kwa Seli za Mgonjwa Mwenyewe

Leo twazungumza juu ya kiungo ambacho watu wengi huona haya kukitaja mbele za wenzao, ingawa kila mmoja wetu hukitumia usiku na mchana. Kiungo hicho ni kibofu cha mkojo.

Swali letu ni hili. Kibofu kikiharibika, au njia ya mkojo ikiziba, je, daktari aweza kuchukua seli chache za mgonjwa mwenyewe, akaziotesha nje ya mwili, kisha akatengeneza kwazo kiungo kipya? Jibu fupi ni kwamba jambo hilo limekwisha kufanywa. Jibu refu ni kwamba kulifanya ni kazi moja, na kulifanya likamfaa mgonjwa kwa miaka mingi ni kazi nyingine. Yafaa tuyajue majibu yote mawili, kwa sababu wako wazazi wenye watoto walio na shida hii, na wako pia watu wanaouza matumaini kwa bei kubwa.

Kazi ya kibofu

Kwanza tukijue kiungo chenyewe. Figo zetu mbili husafisha damu na kutoa mkojo. Mkojo huo huteremka kwa mirija miwili miembamba mpaka kibofuni, ukakaa huko, kisha ukatoka nje kwa njia moja. Kibofu cha mtu mzima huchukua kama mililita 400 hadi 500, yaani kama chupa ya maji ya nusu lita.

Ukikitazama kwa nje waweza kudhani kwamba kibofu ni kiriba tu. Sivyo. Ukuta wake una kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kutanuka polepole, hata mkojo ukiongezeka ndani nguvu ya msukumo isipande sana. Kazi ya pili ni kuzuia. Utando wake wa ndani haupitishi, kwa hiyo taka zilizokwisha kutolewa na figo hazirudi katika damu. Kazi ya tatu ni kujikaza. Ukuta una misuli, na misuli hiyo hupata amri kwa mishipa ya fahamu inayotoka katika uti wa mgongo, ili mkojo utoke kwa wakati wake na utoke wote.

Sasa mfikirieni mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Mishipa yake ya fahamu imeharibika, hivyo amri hazifiki vizuri. Kibofu hujikaza ovyo, ukuta wake hunenepa, na mwisho huwa mgumu kama kiriba cha ngozi kilichosahauliwa juani. Mkojo mpya ukishuka haupati nafasi. Msukumo hupanda, na mkojo huweza kurudi juu mpaka kwenye figo. Mtoto huyo aweza kucheza na wenzake bila kulalamika maumivu, huku figo zake zikiharibika kidogo kidogo. Shikeni jambo hili vizuri, maana tutalirudia: daktari anayetengeneza kibofu cha mtoto kama huyo anataka hasa kuokoa figo.

Kiraka cha utumbo

Tangu mwisho wa karne ya 19, madaktari wa upasuaji wamekuwa wakitumia utumbo. Hukata kipande cha utumbo wa mgonjwa, hukipasua kikawa bapa, kisha hukishona juu ya kibofu kama kiraka, ili kibofu kipate nafasi. Upasuaji huo unafanywa hata leo, na umeokoa figo za watoto wengi.

Lakini kiraka hicho kina tabia yake. Kazi ya utumbo ni kufyonza, na kazi ya kibofu ni kuzuia. Utumbo ukishonwa kwenye kibofu hausahau kazi yake ya zamani. Hufyonza chumvi na asidi kutoka katika mkojo na kuzirudisha mwilini. Tena hutoa ute, na ute huo huweza kuziba mpira wa mkojo na kuwa chanzo cha mawe. Baadhi ya wagonjwa kiraka hupasuka, na wengine, baada ya miaka mingi, huweza kupata saratani mahali hapo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hana budi kuangaliwa na daktari maisha yake yote.

Basi mabingwa wakauliza swali ambalo fundi yeyote wa nguo angeuliza: kwa nini tusitie kiraka cha kitambaa kile kile?

Kitalu cha seli

Ninyi mnaolima mpunga mtaifahamu kazi hii upesi. Mkulima huotesha miche katika kitalu, mahali padogo panapotunzwa sana, kisha huing'oa na kuipandikiza shambani. Mabingwa wa seli hufanya vivyo hivyo.

Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kuotesha seli za ngozi ya binadamu kwa wingi nje ya mwili. Mwaka 1975, huko Marekani, James Rheinwald na Howard Green walieleza njia ya kuziotesha zikaongezeka. Baadaye ngozi iliyooteshwa hivyo ilitumiwa kufunika majeraha ya watu walioungua sana. Wenzao wa upande wa mkojo wakafuata nyayo hizo. Mmoja wao ni Anthony Atala, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto mjini Boston, na ambaye baadaye alihamia Winston-Salem katika jimbo la North Carolina.

Kazi yao ilikwenda hivi. Daktari hukata kipande kidogo cha kibofu cha mgonjwa, ukubwa wake kama ukucha wa kidole. Katika maabara hutenganisha aina mbili za seli: seli za utando wa ndani, ambazo huzuia mkojo usipenye, na seli za misuli, ambazo hujikaza. Kila aina hulishwa peke yake katika vyombo vyenye maji ya chakula, kwa joto la mwili. Seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1994, walionyesha kwamba seli za utando zilizofunika sentimita moja ya mraba zingeweza, kwa muda wa wiki 8, kuongezeka hata zikatosha kufunika zaidi ya mita za mraba 4,000. Hilo ni eneo linalokaribia uwanja wa mpira. Kwa hiyo uchache wa seli haukuwa tena kizuizi kikubwa.

Kiunzi na damu

Lakini seli peke yake ni kama miche iliyolundikwa kandokando ya shamba. Hazina umbo. Fundi anayejenga lenta ya nyumba hupigilia kwanza mbao, kisha humwaga zege, na zege likikauka huziondoa mbao zake. Seli nazo huhitaji kiunzi. Kiunzi hicho hutengenezwa kwa kolajeni, yaani kile kitu kinachoshikamanisha nyama na ngozi zetu, au kwa nyuzi za aina ile ile inayotumiwa kushonea majeraha na kuyeyuka yenyewe mwilini. Seli za misuli hupandwa upande wa nje wa kiunzi, na seli za utando upande wa ndani. Baada ya kushonwa mwilini, kiunzi huyeyuka polepole, na seli hujitengenezea ukuta wao.

Liko jambo la tatu, na hilo ndilo gumu. Shamba la mpunga lisipopata maji, miche hufa hata kama ilistawi kitaluni. Maji ya seli ni damu. Seli ikikaa mbali na mshipa wa damu, hata kwa robo ya milimita tu, huanza kukosa hewa na chakula. Kiunzi kilichotoka maabara hakina mshipa hata mmoja. Mishipa hukua kutoka katika mwili wa mgonjwa na kuingia, nayo huchukua siku nyingi. Kwa sababu hiyo madaktari walijaribu kukivika kibofu kipya ule utando wenye mafuta unaoning'inia ndani ya tumbo mbele ya matumbo, kwa kuwa una mishipa mingi ya damu.

Majaribio ya kwanza

Mwaka 1999 kundi la Boston lilichapisha habari za majaribio ya mbwa. Mbwa hao waliondolewa sehemu kubwa ya kibofu. Waliowekewa kiunzi kitupu, vibofu vyao vilisinyaa. Waliowekewa kiunzi kilichopandwa seli zao wenyewe walipata vibofu vilivyochukua mkojo karibu sawa na hapo mwanzo.

Kisha ikaja zamu ya watu. Mwezi wa Aprili 1906 ungekuwa mapema mno. Ilikuwa Aprili 2006 ndipo Atala na wenzake walipochapisha habari za wagonjwa 7, wenye umri wa miaka 4 hadi 19, wote waliozaliwa na mgongo wazi. Kila mmoja alikatwa kipande cha kibofu, na baada ya wiki 7 hivi alishonewa kibofu kilichooteshwa kwa seli zake. Waliofaidika zaidi ni wale ambao kibofu chao kilivikwa ule utando wa tumbo. Kwao, kiasi cha mkojo kilichoweza kukaa ndani kiliongezeka kama mara moja na nusu, na msukumo ulipungua. Mkojo wao haukuwa na shida za kiraka cha utumbo.

Mwaka 2011 ilitoka habari nyingine, kutoka Mexico. Wavulana 5, wenye umri wa miaka 10 hadi 14, walikuwa na njia ya mkojo iliyoharibika. Watatu waliumia nyonga, na wawili walikuwa wameshindwa kupona kwa upasuaji wa kwanza. Madaktari waliwatengenezea mirija kwa seli zao wenyewe, wakaishona mahali pa njia iliyoharibika. Wavulana hao waliangaliwa kwa miaka kadhaa, baadhi yao hata miaka 6, na mirija ilibaki wazi ikipitisha mkojo.

Habari hizo zilienea dunia nzima. Watu wakasema kwamba siku si nyingi viungo vitaagizwa kama vipuri vya baiskeli.

Pale mambo yalipokwama

Sasa sikilizeni kwa makini. Tiba mpya haihesabiwi kuwa nzuri kwa sababu imewafaa watu 7. Hujaribiwa tena, katika hospitali kadhaa, na madaktari wengine. Ndivyo ilivyofanywa huko Marekani kwa watoto 10 wenye mgongo wazi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Vibofu vilivyooteshwa havikuwasaidia kama ilivyotarajiwa. Ukuta haukulainika kwa kiasi cha kumfaa mgonjwa. Tena baadhi ya watoto walipata madhara makubwa, kama utumbo kuziba au kibofu kupasuka. Madaktari wenyewe waliandika wazi kwamba madhara hayo yamepita kiasi kinachokubalika.

Kwa nini kazi iliyofaulu kwa mbwa ilikwama kwa watoto? Kumbukeni kwamba mbwa wale walikuwa wazima. Mishipa yao ya fahamu ilifanya kazi, na kibofu kipya kilijaa na kukojoa kila siku, kikafanya mazoezi. Mtoto mwenye mgongo wazi hana amri hizo. Seli zake zenyewe zimetoka katika kibofu kigonjwa. Tena kibofu ni kikubwa, na damu huchelewa kuufikia ukuta wote. Damu isipofika kwa wakati, mahali pa misuli huota kovu, na kovu halitanuki.

Mrija wa njia ya mkojo ni kazi nyepesi kuliko hiyo. Ni mfupi na mwembamba, na kazi yake ni kupitisha tu. Lakini hata hapo tusizidishe sifa. Huko Ujerumani madaktari wametumia utando wa ndani ya mdomo ulioongezwa katika maabara kuwatibu wanaume ambao njia yao ya mkojo imebana. Habari zilizochapishwa mwaka 2017 juu ya wagonjwa 99 zilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja kama theluthi mbili walikuwa wangali wazima, na baada ya miaka miwili walipungua wakawa chini ya 6 katika kila 10. Na madaktari wengi hukata utando wa shavu wa mgonjwa na kuushona moja kwa moja siku ile ile, bila maabara, nao hufanya kazi vizuri.

Liko pia jaribio la njia nyingine. Mwezi wa Mei 2025, mjini Los Angeles, madaktari walimpandikizia mtu kibofu kilichotoka kwa mtu aliyefariki, pamoja na figo. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Lakini anayepokea kiungo cha mtu mwingine hana budi kumeza dawa za kuuzuia mwili usikikatae. Hapo ndipo twaona faida iliyowafanya mabingwa wasikate tamaa na seli za mgonjwa mwenyewe: mwili hauzikatai.

Basi hali ilivyo ni hii. Kuotesha seli kumewezekana. Kuotesha kibofu kinachofanya kazi zake zote tatu hakujawezekana, na kibofu cha maabara bado si tiba ya kawaida ya hospitali. Miche mizuri ya kitaluni si mavuno.

Yatufaayo leo

Huenda ukauliza, msikilizaji, mambo haya yakufaa nini wewe usiyekuwa daktari. Yakufaa kwa njia nne.

Kwanza, usingoje. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake, huko Michigan, walionyesha kwamba mtu asiyeweza kukojoa vizuri aweza kuingiza mpira wa mkojo safi mara kadhaa kwa siku, akautoa mkojo wote, kisha akautoa mpira. Yatosha mikono na mpira viwe safi. Mzazi hufundishwa kumfanyia mtoto, na mtoto akikua hujifanyia mwenyewe. Kazi hii ndogo hushusha msukumo na kuziokoa figo. Mtoto mwenye mgongo wazi apelekwe hospitali mapema apimwe kibofu na figo, hata kama mgongo umekwisha kushonwa na mtoto aonekana mzima. Mfundishwe mpira na nesi au daktari, na mfuate maagizo yao.

Pili, kinga ni bora. Mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba akina mama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, wakimeza vidonge vya foliki asidi kabla ya mimba nyingine, hatari ya kumpata tena hupungua kwa karibu robo tatu. Mwanamke anayetazamia kushika mimba hushauriwa ameze mikrogramu 400 kila siku. Aliyekwisha kumpata mtoto wa namna hiyo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, naye amwulize daktari. Serikali ya Tanzania mwaka 2011, na ya Kenya mwaka 2012, ziliamuru unga wa viwandani utiwe virutubisho. Anayesaga mahindi yake kwenye mashine ya kijijini haupati unga huo, kwa hiyo vidonge vyamhusu hasa.

Tatu, kila shida ina tiba yake. Mwanamke aliyepata fistula baada ya uchungu wa muda mrefu asiambiwe angoje seli za maabara. Tundu lile mara nyingi hufungwa kwa upasuaji wa kawaida, na daktari aliyefundishwa kazi hiyo. Mwanamume ambaye mkojo wake umekuwa mwembamba kama uzi naye apimwe, asinyamaze kwa haya.

Nne, jihadharini na wauzaji. Mtu akikuambia kwamba atakutibu kibofu kwa kukuchoma sindano ya seli, mwulize maswali matatu. Je, wagonjwa wangapi wametibiwa hivyo, na wako hali gani baada ya miaka mitatu? Je, matokeo yamechapishwa, mabaya pamoja na mazuri? Je, mbona jaribio linalipiwa na mgonjwa? Akikasirika kwa kuulizwa, umekwisha kupata jibu. Wale madaktari wa mwaka 2014 waliandika mabaya yao mbele ya dunia nzima, na kwa kufanya hivyo waliwaokoa watoto wengine wasipate madhara yale yale. Hiyo ndiyo alama ya sayansi ya kweli.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja kazi tatu za ukuta wa kibofu. Ipi kati yake utumbo hauwezi kuifanya, na kwa nini?

2. Kwa nini seli zilizostawi katika maabara huweza kufa baada ya kushonwa mwilini?

3. Katika kijiji au mtaa wenu, mzazi mwenye mtoto wa mgongo wazi aweza kwenda wapi kufundishwa mpira wa mkojo? Mmoja wenu aulize katika zahanati, alete jibu mkutano ujao.

4. Je, wasichana wenu wanajua habari za vidonge vya foliki asidi kabla ya mimba? Nani atawaambia?

Ndugu wasikilizaji, somo letu limekwisha. Lisomeni tena polepole, na yule asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Kwa herini.